Fungsheni ya Wimbi na Uwezekano: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia kila mtu anapoanza kusoma fizikia ya kwanta, na mengi yana mzizi mmoja: kuichukulia fungsheni ya wimbi kana kwamba ndiyo uwezekano wenyewe. Siyo. Fungsheni ya wimbi hutangulia, uwezekano hufuata, na kati ya hivyo viwili kuna hatua moja ya hesabu ambayo ndiyo inayozaa maajabu yote ya somo hili. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye lingine.

## Mambo ya msingi

1. Fungsheni ya wimbi ni nini hasa?

Ni maelezo ya kihisabati yanayobeba kila kitu ambacho fizikia ya kwanta inaweza kusema kuhusu hali ya chembe, au ya kundi la chembe. Huandikwa kwa herufi ya Kigiriki ψ, inayosomwa "sai". Ukiipa mahali na wakati, inakupa namba. Namba hiyo huitwa amplitudo, na kwa kawaida ni namba changamano: ina sehemu halisi, na sehemu nyingine inayozidishwa kwa i, kipeuo cha pili cha −1.

Erwin Schrödinger alichapisha mwaka 1926 mlinganyo unaoeleza jinsi ψ inavyobadilika kadiri muda unavyokwenda. Mlinganyo huo ulitoa viwango vya nishati vya atomu ya hidrojeni kama vinavyoonekana maabara, kwa hiyo haukuchukua muda kuaminika. Kilichobaki kitendawili ni maana ya ψ. Schrödinger mwenyewe alidhani inaonyesha chaji ya elektroni iliyosambaa angani. Wazo hilo lilikwama mapema: ψ ya chembe iliyo huru hutanuka bila kukoma, ilhali hakuna kigunduzi kilichowahi kunasa nusu ya elektroni. Ama kinanasa elektroni nzima, ama hakinasi kitu.

2. Basi uwezekano unaingia wapi?

Aliyeuingiza ni Max Born, mwaka huohuo wa 1926, alipokuwa akichunguza jinsi chembe zinavyogongana na kutawanyika. Jibu lake ni hili: chukua ukubwa wa ψ mahali fulani, uupandishe kwenye kipeo cha pili, na utapata msongamano wa uwezekano wa kuikuta chembe mahali hapo ukiitafuta. Kwa alama, ni |ψ|². Hii ndiyo inayoitwa kanuni ya Born.

Inafaa kujua kwamba katika makala yake Born aliandika kwanza kuwa amplitudo ndiyo inayotoa uwezekano. Habari ya kipeo cha pili aliiongeza kwenye tanbihi wakati wa kusahihisha prufu. Tanbihi hiyo ndiyo msingi wa karibu kila hesabu ya kwanta inayofanywa leo. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1954, miaka 28 baadaye.

3. Kwa nini inasemwa "msongamano wa uwezekano" na si uwezekano tu?

Kwa sababu mahali ni kitu kisichokatika. Uwezekano wa kuikuta chembe kwenye nukta moja kamili, isiyo na upana wowote, ni sifuri. Swali lenye maana ni uwezekano wa kuikuta kati ya hapa na pale, na jibu lake hupatikana kwa kujumlisha |ψ|² katika eneo lote hilo. Ndiyo maana |ψ|² yenyewe inaweza kuzidi 1 bila kosa lolote. Haiwezi kuzidi 1 ile jumla.

Mfano: chembe imefungiwa kwenye njia nyembamba yenye urefu L, na iko katika hali ya nishati ya chini kabisa. Fungsheni yake ni ψ = √(2/L) sin(πx/L). Gawanya njia hiyo katika theluthi tatu. Ingekuwa chembe ya kawaida inayokwenda na kurudi kwa mwendo usiobadilika, kila theluthi ingepata asilimia 33. Ukijumlisha |ψ|² katika theluthi ya katikati unapata 1/3 + √3/(2π), yaani karibu asilimia 61. Theluthi mbili za pembeni zinagawana asilimia 39 zilizobaki. Chembe haipendi kukaa karibu na kuta, na hakuna nguvu yoyote inayoisukuma kutoka huko. Ni umbo la wimbi tu.

4. Kwa nini jumla yote lazima iwe 1?

Kwa sababu chembe lazima ipatikane mahali fulani. Kile kigawo √(2/L) katika swali la 3 kimewekwa kwa ajili hiyo hiyo. Ukishaisawazisha ψ mara moja, mlinganyo wa Schrödinger wenyewe unahakikisha jumla inabaki 1 daima. Uwezekano ukipungua upande mmoja, ni kwa sababu umetiririka kwenda upande mwingine.

## Kwa nini kipeo cha pili

5. Kwa nini tusiutumie uwezekano moja kwa moja, tukaachana na ψ?

Kwa sababu uwezekano haujui kufutana. Kama una muda wa kusoma jibu moja tu katika ukurasa huu, soma hili.

Chukua elektroni inayoelekea kwenye kizuizi chenye mianya miwili, na nyuma ya kizuizi kuna skrini. Tazama kipande kimoja kidogo cha skrini hiyo. Ukiziba mwanya wa kulia, tuseme amplitudo ya elektroni kufika hapo kupitia kushoto ina ukubwa wa 0.1, uwezekano ni 0.01. Ukiziba wa kushoto, nao wa kulia unatoa 0.01. Sasa fungua yote miwili. Hesabu ya kawaida ya uwezekano inasema 0.01 + 0.01 = 0.02, kila mahali, basi.

Sivyo inavyokuwa. Palipo na njia mbili ambazo hakuna chochote kinachozitofautisha, tunajumlisha kwanza amplitudo, kisha ndipo tunapandisha kwenye kipeo cha pili. Amplitudo mbili zikikutana zikiwa zimeelekea upande mmoja, jumla ni 0.2, na uwezekano ni 0.04, mara mbili ya tulivyotarajia. Zikikutana zikiwa kinyume, moja +0.1 na nyingine −0.1, jumla ni sifuri. Yaani kuna sehemu za skrini ambazo elektroni hufika ukiacha mwanya mmoja wazi, lakini haifiki kamwe ukifungua yote miwili. Kuongeza njia kumeondoa uwezekano. Hakuna namna yoyote ya kujumlisha namba chanya itakayokupa matokeo hayo.

Na hili limeonekana kwa macho. Mwaka 1989 kikundi cha Akira Tonomura nchini Japani kilipitisha elektroni mojamoja katika kifaa kinachoigawa njia yake mara mbili. Mwanzoni picha ilionyesha nukta zilizotapakaa bila mpangilio wowote. Nukta zilipofika maelfu, mistari ilianza kujitokeza: mweupe, mweusi, mweupe, mweusi. Kila nukta ni elektroni nzima iliyotua peke yake. Mistari ni |ψ|². Mwaka 1999 mistari ya aina hiyo ilipatikana huko Vienna kwa molekuli za C60, kila moja ikiwa na atomu 60 za kaboni.

Ukiweka kifaa kinachoandika elektroni imepita mwanya upi, mistari inatoweka na unarudi kwenye 0.02. Si lazima mtu asome kilichoandikwa. Inatosha kwamba alama imeachwa mahali fulani, iwe kwenye atomu iliyotikiswa au fotoni (chembe ya mwanga) iliyodunda, kiasi kwamba njia mbili sasa zinatofautishika. Hapo ndipo uwezekano unapojumlishwa kama kawaida.

6. Je, ψ ikiwa hasi, uwezekano nao ni hasi?

Hapana. Ukubwa ukipandishwa kwenye kipeo cha pili hauwezi kuwa chini ya sifuri. Lakini usiidharau alama ya kutoa kwa sababu hiyo. Swali la 5 na la 14 yanaonyesha kazi yake.

7. Fungsheni mbili zenye |ψ|² ileile ni hali moja?

Inategemea zimetofautiana vipi. Ukiizidisha ψ yote kwa −1, au kwa namba changamano yoyote yenye ukubwa wa 1, hakuna jaribio litakaloona tofauti. Ni hali ileile. Lakini fezi, yaani pembe ya namba changamano ambayo ukubwa wake hauionyeshi, ikitofautiana kutoka mahali hadi mahali, hali ni nyingine kabisa. Wimbi linalosafiri kulia, e^(ikx), na lile linalosafiri kushoto, e^(−ikx), yana |ψ|² ileile kila mahali, ingawa chembe moja inakwenda mashariki na nyingine magharibi. Mwelekeo wa mwendo umo ndani ya fezi, na |ψ|² ya mahali inaufuta.

Hii ndiyo sababu picha za "mawingu" ya elektroni zilizojaa vitabuni hazitoshelezi. Zinaonyesha |ψ|² tu, na nusu ya habari imeshatupwa.

## Atomu na vizuizi

8. Elektroni ya hidrojeni iko wapi hasa?

Hapa wanafunzi hupewa majibu mawili yanayoonekana kupingana, na yote ni sahihi. Katika hali ya chini kabisa ψ inapungua kadiri unavyoenda mbali na kiini kwa mujibu wa e^(−r/a), ambapo a ni nusukipenyo cha Bohr, mita 5.29 × 10⁻¹¹. Kwa hiyo |ψ|² ni kubwa zaidi kwenye kiini chenyewe. Ukiwa na kisanduku kidogo cha ujazo usiobadilika, mahali pazuri pa kukiweka ni palepale kwenye protoni.

Lakini ukiuliza elektroni iko umbali gani kutoka kwenye kiini, unajumlisha maganda mazima ya tufe, na ganda la mbali lina nafasi kubwa kuliko la karibu. Vitu viwili vinavutana: |ψ|² inashuka, eneo la ganda linapanda kwa r². Vinakutana kileleni r ikiwa sawasawa na a. Huo ndio umbali ambao Niels Bohr aliupata mwaka 1913 akidhani elektroni inazunguka kwenye mduara.

Umbali huo ndio unaoongoza, ila elektroni hupatikana ndani yake mara chache kuliko watu wanavyodhani. Uwezekano wa kuikuta ndani ya a ni asilimia 32 tu. Wastani wa umbali ni 1.5a. Na uwezekano wa kuikuta zaidi ya 2a ni karibu asilimia 24, ingawa kwa fizikia ya zamani elektroni yenye nishati hiyo haiwezi kuvuka 2a hata kidogo, kwa maana ingehitaji nishati ya mwendo iliyo chini ya sifuri.

9. Kama |ψ|² ni sifuri katikati, chembe inavukaje kutoka upande mmoja hadi mwingine?

Swali hili hutokea kwenye hali ya pili ya chembe iliyofungiwa ya swali la 3, ambayo ina nodi, yaani mahali ψ ni sifuri, katikati kabisa. Linatanguliza dhana kwamba chembe ina njia, kwamba leo iko kushoto na baadaye lazima ipite katikati ili ifike kulia. ψ haielezi safari ya namna hiyo. Kama mfumo uko katika hali hii, uko katika hali inayohusisha pande zote mbili kwa pamoja. Ukitaka kusema "iko kushoto", lazima uipime, na ukiipima ψ si ileile tena (swali la 11).

10. Chembe inapenyaje kizuizi ambacho haina nishati ya kukiruka?

Kwa njia ileile inayofanya elektroni ionekane zaidi ya 2a. Ndani ya kizuizi ψ inapungua haraka, lakini haifiki sifuri papo hapo. Kizuizi kikiwa chembamba, kinabaki kisehemu cha amplitudo upande wa pili, na kipeo chake cha pili ndicho uwezekano wa kupenya. Mwaka 1928 George Gamow alieleza kwa njia hii jinsi chembe za alfa zinavyotoroka kwenye kiini cha atomu. Hadubini ya kupenya iliyoundwa na Gerd Binnig na Heinrich Rohrer mwaka 1981 inaitegemea moja kwa moja: ncha ya sindano ikisogea mbali na uso wa metali kwa nanomita 0.1 tu, mkondo wa umeme unashuka karibu mara kumi. Ndiyo maana inaweza kuonyesha atomu mojamoja.

## Kupima

11. ψ inakuwaje baada ya kipimo?

Ukiikuta chembe mahali fulani, hesabu zinazofuata lazima zianze na ψ mpya, iliyojikusanya kuzunguka mahali hapo. Ukirudia kipimo papo hapo, utaikuta palepale. Hatua hii huitwa kuanguka kwa fungsheni ya wimbi, na haimo ndani ya mlinganyo wa Schrödinger.

Je, kuanguka huko ni tukio la kweli? Wanafizikia hawajakubaliana. Wapo wanaoona ψ ni daftari la tunachokijua, na kuanguka ni kusahihisha daftari. Hugh Everett alipendekeza mwaka 1957 kwamba hakuna kinachoanguka: matokeo yote yanaendelea kuwapo, kila moja pamoja na mtazamaji aliyeliona. David Bohm, mwaka 1952, alitoa nadharia ambamo chembe ina mahali halisi muda wote na ψ inaiongoza. Njia hizi zinatoa |ψ|² ileile kwa majaribio ya kawaida, kwa hiyo anayejifunza kupiga hesabu hahitaji kuchagua kambi kwanza.

12. Uwezekano huu si ujinga wetu tu, kama sarafu iliyofunikwa kwa kiganja?

Sarafu iliyofunikwa tayari ina upande. Ni sisi tusioujua. Wengi, Albert Einstein akiwamo, walitarajia kwanta nayo ina kitu cha chini zaidi ambacho kingeondoa bahati nasibu. Mwaka 1964 John Bell alionyesha kwamba jambo hili linaweza kupimwa. Kama majibu yangekuwa yameandikwa tangu mwanzo ndani ya kila chembe, na kipimo cha huku kisingeweza kuathiri chembe ya kule papo hapo, basi ulinganifu wa matokeo ya chembe mbili zilizotoka pamoja ungekuwa na kikomo. Fizikia ya kwanta inatabiri kuvukwa kwa kikomo hicho.

Majaribio yamekivuka. Mwaka 2015 huko Delft, Uholanzi, kilivukwa kwa elektroni zilizotenganishwa kwa kilomita 1.3, mianya mikuu ya ukosoaji ikiwa imezibwa kwa pamoja. John Clauser, Alain Aspect na Anton Zeilinger walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2022 kwa kazi ya aina hii. Nadharia ya Bohm haikuanguka, kwa sababu inakubali wazi kwamba chembe zilizo mbali huathiriana papo hapo. Kilichoanguka ni ile picha rahisi ya sarafu.

13. Naweza kuipima ψ ya chembe moja?

Hapana. Kipimo kimoja kinakupa tokeo moja, nukta moja kwenye skrini, kisha hali imebadilika. Wala huwezi kunakili hali usiyoijua ukapata nakala za kupima. Hisabati ya kwanta inakataza. Kinachowezekana ni kuandaa chembe nyingi kwa namna ileile, kuzipima kwa njia mbalimbali, na kuijenga ψ kutoka kwenye takwimu. Lazima njia ziwe mbalimbali kwa sababu iliyotajwa kwenye swali la 7.

Moja ya njia hizo ni kupima momenta (masi mara kasi yenye mwelekeo) badala ya mahali. ψ ileile inaweza kuandikwa upya kama mchanganyiko wa mawimbi safi, kila moja na momenta yake, na kipeo cha pili cha kiasi cha kila wimbi ndicho uwezekano wa momenta hiyo. Wimbi lililobanwa mahali padogo linahitaji mchanganyiko mpana. Kutoka hapo inatoka kanuni aliyoitangaza Werner Heisenberg mwaka 1927: mtawanyiko wa mahali ukizidishwa kwa mtawanyiko wa momenta hauwezi kuwa chini ya ħ/2, ambapo ħ ni namba isiyobadilika ya Planck ikigawanywa kwa 2π. Si udhaifu wa vyombo. Ni tabia ya mawimbi ikipitia kanuni ya Born.

## Pembezoni mwa somo

14. Chembe zikiwa mbili, kila moja ina ψ yake?

Kwa jumla hapana, na hapa ndipo picha ya wimbi linalosambaa chumbani inapovunjika kabisa. Elektroni mbili za heliamu zina ψ moja, yenye viratibu sita: vitatu vya ya kwanza na vitatu vya ya pili. Chembe N zinahitaji 3N. |ψ|² sasa inatoa uwezekano wa kuikuta ya kwanza hapa na ya pili pale kwa pamoja. Chembe za Bell katika swali la 12 zinaishi katika ψ ya aina hii, isiyogawanyika.

Ukibadilishana elektroni mbili, ψ inageuka alama, kutoka chanya kwenda hasi. |ψ|² haioni kitu. Lakini weka elektroni hizo mbili, zenye spini ileile (tabia ya ndani ya elektroni inayofanana na kujizungusha), mahali pamoja: kubadilishana hakubadilishi chochote, na hata hivyo alama lazima igeuke. Namba pekee iliyo sawa na hasi yake ni sifuri. Kwa hiyo uwezekano wa kuzikuta pamoja ni sifuri. Huu ndio mzizi wa kanuni aliyoitoa Wolfgang Pauli mwaka 1925, na bila huo elektroni zote za atomu zingejazana katika ngazi ya chini na kemia tunayoijua isingekuwapo.

15. Wimbi safi e^(ikx) lina |ψ|² sawa kila mahali hadi upeo. Jumla inakuwaje 1?

Haiwi. Jumla haina mwisho, kwa hiyo wimbi hilo si hali ya chembe yoyote halisi. Ni tofali la kujengea. Chembe halisi ni pakiti ya mawimbi mengi yaliyojumlishwa, ambayo inafifia pembezoni na kusawazishika. Katika hesabu za mgongano wimbi safi hutumika kwa usalama kwa sababu tunalinganisha kinachotoka na kinachoingia, na kigawo cha jumla kinajifuta.

16. Kwa nini kipeo kiwe cha pili na si cha nne? Na nani ameikagua kanuni hii?

Andrew Gleason alithibitisha mwaka 1957 kwamba, katika mfumo wenye angalau matokeo matatu yanayotofautishika, ukitaka kugawa uwezekano kwa matokeo ya kila kipimo bila kujipinga, na uwezekano wa tokeo usitegemee limepimwa pamoja na matokeo gani mengine, huna njia nyingine ila ya kipeo cha pili. Kipeo cha nne kingevunja jumla ya 1. Kama hilo linaeleza *kwa nini* dunia iko hivi bado ni mjadala, hasa kwa wafuasi wa Everett, ambao lazima waeleze uwezekano una maana gani ikiwa yote yanatokea.

Kipimo cha moja kwa moja kipo, na wazo lake ni zuri sana. Ukipandisha jumla ya amplitudo tatu kwenye kipeo cha pili, unapata viambata vya amplitudo mbilimbili tu; hakuna kiambata kinachohitaji zote tatu. Kwa hiyo kama kanuni ya Born ni kweli, kila kinachoonekana kwenye mianya mitatu lazima kiweze kutabiriwa kwa kupima mwanya mmojammoja na jozi zake. Mwaka 2010 Urbasi Sinha na wenzake waliujaribu mtego huo kwa fotoni, wakifungua na kufunga mianya mitatu kwa kila mpangilio. Mabaki ya mwingiliano wa njia tatu, kama yapo, yalikuwa chini ya asilimia 1 ya mwingiliano wa njia mbili.